Mfumo mpya umeletwa, mbona kazi imeongezeka?

Swali:

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa ghala, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Mwaka jana kampuni ilituletea mfumo wa kompyuta, tukaambiwa makaratasi basi. Leo mzigo ukiingia naandika kwenye daftari kama zamani, kisha naingiza kwenye kompyuta, kisha nachapisha hati ya mapokezi, meneja anaisaini, inapigwa muhuri, inarudi kwangu naiweka kwenye faili. Kazi ya dakika kumi imekuwa ya nusu saa. Bosi anasema tatizo ni sisi, hatutaki kubadilika. Kosa ni letu au ni la mashine? Na siku mashine ikikaa sawa, mimi nitabaki na kazi? (Watu watatu wa zamu tunatumia jina na neno la siri la mwenzetu aliyeacha kazi, kama hilo lina umuhimu.)

Jibu:

Marahaba. Hilo la neno la siri lina umuhimu kuliko unavyodhani, ila niache nianze na yale mawili uliyoyauliza waziwazi.

Kosa si lenu, na mashine nayo haina kosa. Soma tena barua yako mwenyewe. Mzigo mmoja unaandikwa mara tatu: daftarini, kwenye kompyuta, na kwenye karatasi yenye muhuri. Kila andiko lina mtu anayeliamini. Daftari unaliamini wewe, maana miaka yote hiyo halijakuangusha. Kompyuta anaiamini bosi, maana ndiyo aliyoilipia. Karatasi yenye saini anaiamini mhasibu, maana mkaguzi akija ndiyo atakayoidai. Siku mfumo ulipoletwa, hakuna aliyewakalisha nyinyi watatu pamoja akauliza kipi kinaondoka na kipi kinabaki. Basi mashine iliyoletwa ichukue nafasi ya kazi mbili ikageuka kuwa kazi ya tatu.

Na msijione mna mkosi. Ugonjwa huu una zaidi ya miaka mia, ulikuwepo kabla ya kompyuta yenyewe.

Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882. Enzi hizo kiwanda kizima kiliendeshwa na injini moja kubwa ya mvuke. Injini ilizungusha mhimili mrefu wa chuma uliopita juu darini, na kutoka kwenye mhimili huo ilishuka mikanda ya ngozi, kila mkanda na mashine yake. Mashine zilipangwa kwa kufuata mhimili, hata kama mpangilio huo uliifanya bidhaa izunguke kiwanda kizima kabla ya kumalizika. Umeme ulipofika, wenye viwanda wengi walifanya kile hasa ilichofanya kampuni yenu. Waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa palepale, mhimili na mikanda wakaiacha ikizunguka. Nafuu waliyoipata ilikuwa ndogo. Faida kubwa ilikuja miaka ya 1920, pale ilipokuwa kawaida kila mashine kuwa na mota yake ndogo, mikanda ikashushwa, na mtu akaweza kupanga mashine kwa kufuata safari ya bidhaa. Kutoka Pearl Street hadi hapo hesabu miaka arobaini.

Mwanauchumi Paul David aliieleza habari hiyo mwaka 1990, akijibu fumbo lililowasumbua wenzake. Miaka mitatu nyuma Robert Solow, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka huohuo wa 1987, alikuwa amesema kwamba zama za kompyuta unaziona kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Alikuwa sahihi. Kampuni za Marekani zilikuwa zimejaza kompyuta ofisini, lakini kiasi ambacho mfanyakazi mmoja alizalisha kwa saa hakikupanda kama ilivyotarajiwa. Kilianza kupanda kwa kasi katikati ya miaka ya 1990, baada ya kampuni kuzoea kupanga kazi upya badala ya kuifunika kazi ya zamani kwa skrini. Kwenu, mkanda wa ngozi ni ile safari ya karatasi kwenda kwa meneja na kurudi.

Kuna mfano wa kinyume ambao huwa nawasimulia mabosi, na wengi hawaufurahii. J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na mikahawa ya chai, iliamua kuunda kompyuta yake yenyewe. Waliiita LEO, na mwaka 1951 ilianza kupiga hesabu za idara yao ya kuoka mikate. Ndiyo huhesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara. Watu wakisikia hivyo hushangaa kwamba wauza chai waliwatangulia wenye viwanda vya elektroniki. Mimi hainishangazi. Tangu miaka ya 1930 Lyons walikuwa na ofisi maalumu ya kuchunguza kazi za makarani: fomu hii inatoka wapi, inakwenda kwa nani, akiipata anafanya nini, na isipokuwepo nini kitaharibika. Mashine ilipokuja iliwakuta watu wanaoijua njia ya kila karatasi. Kampuni nyingi leo hununua mfumo kwanza, zikaja kuijua kazi yake baadaye, na wa kuzifundisha huwa ni makarani wanaolalamika.

Nakiri na mimi nimewahi kulifanya kosa hilo, tena nikiwa upande wa wenye mfumo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipelekwa kufunga mfumo kwenye kampuni moja ya usambazaji. Palikuwa na mama mmoja, karani wa oda, mwenye daftari kubwa la jalada gumu. Mbele ya majina ya baadhi ya wateja alikuwa amechora nyota ndogo kwa kalamu nyekundu. Mbele ya wengine herufi D. Niliziona, nikadhani ni mapambo. Kazi yake nilielezwa na meneja, nusu saa, ubaoni, kwa mishale mizuri sana. Tukahamisha majina yote kwenye mfumo, madaftari tukayatia kwenye sanduku, sanduku likaenda stoo.

Wiki ya tatu malori yakaanza kurudi na mizigo. Nyota, kumbe, maana yake ni "piga simu kabla ya kutuma." D ilikuwa dazeni: mteja akisema kumi na mbili anamaanisha dazeni kumi na mbili, na wengine wote wakisema kumi na mbili wanamaanisha katoni. Mfumo wetu haukuwa na mahali pa nyota wala D. Ulikuwa na uwanja wa namba tu, nao ulipokea 12 bila wasiwasi wowote. Nilikwenda stoo mwenyewe kulitafuta lile sanduku.

Mfumo huohuo ulikuwa na sheria nyingine niliyoitunga mimi na kujisifu nayo: safari haifunguki mpaka uandike namba ya simu ya dereva. Dereva wa siku moja hana namba iliyosajiliwa, na mzigo unangoja, kwa hiyo makarani waliandika sifuri kumi. Mwisho wa nusu mwaka ripoti ilionyesha kwamba dereva aliyefanya safari nyingi kuliko wote ni Bwana 0000000000. Nilicheka, ila kicheko kilikuwa cha aibu. Mkurugenzi alikuwa anaamua idadi ya malori kwa ripoti hiyo.

Nakusimulia haya ili uone kitu ulicho nacho mkononi. Kuna kazi iliyoandikwa kwenye mwongozo na kuna kazi inayofanyika kweli, na tofauti ya hizo mbili imelala ndani ya daftari lako. Mfumo wenu unaijua ile ya kwanza tu. Bosi anapokwambia hutaki kubadilika, pengine hajui kwamba ukilifunga daftari kesho asubuhi, ikifika mchana mizigo itakuwa inakwenda kusikotakiwa.

Usimjibu kwa maneno basi. Chukua mzigo mmoja, wa kawaida tu, uufuatilie tangu lori linaposimama mpaka hati inapoingia kwenye faili. Kwenye karatasi moja andika kila mkono uliogusa, saa ngapi, na mkono huo uliongeza nini. Meneja akisaini bila kusoma, andika "amesaini", usiandike neno la kumkera. Hati ikikaa saa mbili mezani kwa mtu aliyekwenda kula, andika saa mbili. Pembeni, kwa kila hatua, uliza swali moja tu: tukiiacha hii, nani ataumia? Fanya hivyo kwa mizigo mitano au sita, na usisahau kuchukua mmoja wenye matatizo. Nenda na karatasi hizo kwa bosi, kwa mhasibu na kwa mtu wa tehama, wote wakiwa chumba kimoja. Mara nyingi nimeona mhasibu akisema mwenyewe, mbele ya wote, kwamba hati ile yenye muhuri hajaitazama mwaka mzima, na kwamba angeridhika kabisa kuiona kwenye skrini. Hapo mkanda mmoja umeshuka. Nyota na D zako nazo zidai uwanja wake kwenye mfumo. Kuongeza uwanja mmoja kwa kawaida si kazi kubwa, ila hakuna mtu wa tehama atakayeuongeza kama hajui kwamba unahitajika.

Sasa ile ya pili, ambayo nahisi ndiyo uliyotaka kuuliza tangu mwanzo: utabaki na kazi?

Mashine haichukui kazi nzima kwa mkupuo. Inachukua vipande vya kazi. Mashine ya kwanza ya kutoa fedha iliwekwa na benki ya Barclays kule Enfield, London, mwaka 1967, na jina la cheo cha karani wa benki kwa Kiingereza, teller, lina maana ya mtu anayehesabu. Ungetegemea makarani hao waishe. Mchumi James Bessen alifuatilia yaliyotokea Marekani akakuta kwamba kati ya 1988 na 2004 tawi la kawaida la mjini lilishuka kutoka makarani 20 hivi hadi 13. Lakini tawi lenye watu 13 ni nafuu kuliko lenye watu 20, hivyo benki zikafungua matawi mengi zaidi, na matawi ya mijini yakaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Jumla ya makarani haikuporomoka. Kazi yao ndiyo iliyobadilika, kutoka kuhesabu noti kwenda kuzungumza na mteja na kumuuzia huduma.

Wahubiri wa teknolojia huishia hapo wakashuka jukwaani. Mimi nitaendelea, kwa sababu hadithi iliendelea. Simu za mkononi zilipoingia kwenye mambo ya benki, mteja hakuhitaji tena hata kufika kwenye tawi, na idadi ya makarani hao Marekani ikaanza kushuka kweli. Wimbi la kwanza lilipunguza gharama ya tawi, hivyo matawi yakaongezeka. La pili likaiondoa haja ya tawi lenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia "teknolojia haiui kazi," muulize anazungumzia wimbi lipi.

Kwa upande wako, igawe kazi yako vipande. Kuingiza namba kutoka karatasi kwenda skrini ni kipande kinachokwisha, na kwa kweli kiliaga zamani. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la kujihudumia la mji wa Troy, Ohio, keshia alipitisha pakiti ya chingamu za Wrigley juu ya kisomeo, na bidhaa ikajitaja yenyewe kwa msimbo wake wa mistari. Tangu siku hiyo kuandika namba ya bidhaa kwa vidole ni suala la nani hajanunua kisomeo. Na programu hizi zinazosoma na kuandika zenyewe, ambazo kila mtu amekuwa akiniuliza tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, zinaweza kusoma ankara iliyopigwa picha na kuijaza kwenye fomu. Zinakosea pia, tena kwa lugha ya kujiamini sana, kwa hiyo anatakiwa mtu wa kulinganisha.

Kipande kisichokwisha ni kile cha mzigo usiolingana na oda. Boksi limelowa. Msambazaji ametuma aina nyingine "inayofanana". Hati inasema 40, wewe unahesabu 38, dereva anaapa kwamba alipakia 40. Hapo mtu anatakiwa aamue kupokea, kukataa, au kupokea kwa masharti, na awe tayari kuulizwa baadaye. Ukiniuliza nitakwambia jenga sifa yako hapo. Uwe ndiye mtu anayejua kwa nini salio la kwenye skrini na salio la kwenye rafu vimepishana. Karani wa namna hiyo nimemwona akigeuka kuwa msimamizi wa mfumo bila kurudi shule, kwa sababu wahandisi wenyewe walikuwa wanakwenda kumuuliza.

Sitakudanganya hata hivyo. Pale mlipo watatu, huenda wakatosha wawili, na katika zamu yenye mizigo michache akatosha mmoja. Ikiwa kampuni itautumia muda uliookolewa kupokea mizigo mingi zaidi, mtabaki wote. Ikiwa itautumia kupunguza mishahara, hamtabaki wote. Uamuzi huo haufanywi na mashine, unafanywa na watu mezani, na ndiyo sababu nyingine nakwambia uwe kwenye kile chumba na karatasi zako kabla haujafanywa.

Kuna badiliko moja ambalo wanaouza mifumo hawalisemi, nalo linagusa watu wengi kuliko ajira zenu tatu. Zamani mtu akija kwenye dirisha lako na hati yenye dosari ndogo, wewe ulimtazama, ukapima, ukamwambia "niachie, kesho niletee nakala." Busara ilikuwa dirishani. Mfumo ukishaingia, busara huhamia kwa aliyeandika sheria za programu, mtu ambaye hajawahi kumwona mteja huyo wala hatamwona. Kwako linabaki lile jibu tunalolisikia sasa kila ofisi: "mfumo umekataa." Mteja hana wa kumlalamikia, wewe huna uwezo wa kumsaidia, na aliyeutunga hayupo. Biashara inaweza kuishi na hali hiyo kwa muda. Mtu anayenyimwa haki yake kwa sababu jina lake lina herufi moja zaidi kwenye rekodi hawezi. Kwa hiyo mkikaa kupanga upya, dai kuwe na mtu mwenye jina na mamlaka ya kusema "mfumo umekataa, mimi nakubali," na uamuzi wake uandikwe.

Kutoka hapo naingia kwenye mabano yako, yale ya neno la siri.

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kuwapelekea mawakala wa ofisi zake ndogo mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Punde mawakala wakaanza kuona upungufu wa fedha kwenye skrini ambao hawakuweza kuueleza. Mikataba yao iliwabana kulipa upungufu, wengi wakalipa kutoka mifukoni mwao. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, kesi nyingi zikiwa zimefunguliwa na Posta yenyewe. Wako waliofungwa, na wako waliofilisika. Mahakama za Uingereza zilianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ionyeshwe vinginevyo, na wakala wa kijijini angeonyesha vipi? Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo, na ikathibitika pia kwamba mafundi wangeweza kuingia kutoka mbali na kubadili hesabu za tawi bila wakala kujua. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta kwa pamoja nyingi za hukumu hizo.

Rudi sasa kwenye ghala lenu. Katoni 20 zimepotea. Mfumo unaonyesha zilitolewa saa tisa alasiri na mtu ambaye aliacha kazi zamani. Mkaguzi atacheka, kisha atauliza nani walikuwa zamu. Mtasimama watatu, na hata mmoja wenu hatakuwa na namna ya kuonyesha kwamba si yeye. Umeniambia mwenyewe kwamba daftari unaliamini. Daftari linabeba mwandiko wako, na mwandiko ni ushahidi. Kwenye mfumo, mwandiko wako ni jina lako la kuingilia na neno la siri usilompa mtu, hata rafiki wa zamu.

Mwandikie mtu wa tehama leo, kwa maandishi, uombe kila mmoja wenu awe na jina lake na la yule aliyeondoka lifungwe. Wakikwambia leseni ni chache, mwombe meneja akujibu hivyo kwa maandishi pia, uhifadhi jibu lake. Na mpaka majina yatakapotoka, daftari usilifunge: kila utakachoingiza kwenye kompyuta kiandike humo na saa yake.